Kilti ya Mista Hemish

Enzi zetu Ibra, Jumatano mchana baba za wenzangu walikuwa wanarudi kutoka Maskati na makatoni ya matufaha na mikate ya kukata. Wangu alikuwa anarudi na girba. Watoto wa siku hizi hata hilo neno hawalijui, basi niliseme haraka tuendelee: girba ni lile zumari la mfuko. Mtu analibana kwapani kama kuku anayetaka kumtoroka, anapuliza, kisha mfuko unalia wenyewe. Baba yangu, Sleyman, alikuwa anapiga girba kwenye bendi ya jeshi. Wiki nzima kambini, Jumatano nyumbani, Jumamosi asubuhi anaondoka tena.

Alkhamisi baada ya chai alikuwa anapanda darini kufanya mazoezi. Mliokulia mtaa ule mnakumbuka dari zetu: tangi la maji, antena, nguo za kuanika, na tende zimetandazwa juani juu ya majamvi mpaka hewa yote inanukia sukari. Akivuta pumzi ya kwanza tu, mbuzi wa jirani wanaanza kulia, halafu Bi Moza mwenye mbuzi wake, halafu Bibi kutoka jikoni: "Sleyman mwanangu, huyo mnyama ama mwachie ama mchinje, usimtese." Bibi ndiye mama yake Baba. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kivuli cha tangi na andazi langu la iliki, namtizama mashavu yanavyojaa. Nilikuwa na miaka kumi na niliamini hakuna mwanamme mwengine duniani mwenye mapafu kama yale.

Skuli ilikuwa kitu chengine. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kubahatisha, maana nyumbani ni Kiswahili toka asubuhi mpaka kulala, Kiswahili cha Bibi cha Unguja, ukikosea anakurudisha mwanzo kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasichana walikuwa wananiita Zanjibariya. Hilo sawa, si tusi. Lakini walipojua kazi ya Baba wakapata jipya: "Rayya, baba yako anapuliza mbuzi." Kwa sababu ule mfuko ni ngozi. Nikarudi nyumbani nalia. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho waambie nampuliza vizuri." Nikenda nikawaambia. Walicheka, nikacheka na mimi, na baada ya hapo tukawa tunacheza nage pamoja mpaka kengele ya mwisho. Alikuwa hivyo Baba. Kitu kinachokuliza anakigeuza kidogo tu, unakiona upande wa pili.

Mwalimu wao wa girba alikuwa mzungu, na usimwite Mwingereza, alikuwa anakasirika kweli. Mskoti. Jina lake Hemish, sisi tukimwita Mista Hemish. Mtu mrefu, mwekundu, nywele kama makumbi, hana mke wala mtoto. Alkhamisi moja Baba akamwalika kula mchana kwetu, na yule bwana, kwa heshima ya mwaliko, akaona avae nguo ya kwao. Akashuka garini na kilti.

Kilti ni nguo ya wanaume wa huko. Inafungwa kiunoni kwa vikanda vya ngozi na mabizimu, inaishia magotini, mbele bapa, nyuma marinda matupu. Yake ilikuwa sufu nzito ya mirabaraba, kijani kilichokoza na buluu, na mstari mwembamba wa manjano unakatiza. Bi Moza alichungulia mlangoni kwake akasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Aibu, mwanamme kavaa sketi ya skuli." Ami Seif, kaka yake Baba, alikuwa amekaa kizingitini na saruni yake ya nyumbani. Akamjibu, "Si sketi hiyo, Bi Moza, ni saruni. Tena ina pasi kuliko hii yangu."

Bibi hakucheka. Alimtizama yule mgeni toka viatu mpaka nywele, akamwambia Baba, "Hebu muulize. Kabila gani?"

Wenzangu mnalijua hilo swali. Tumeulizwa na walimu, na makarani, na mama mwenye duka la vitambaa kabla hajakata hata mita moja. Babu zetu walitoka hapa hapa Ibra wakenda Unguja, wakazaa, wakazikwa huko. Wazee wetu waliporudi miaka ya sabini wakaambiwa, haya, mnasema nyinyi wa hapa, nani anayewajua? Ami Seif alikaa siku tatu kwenye baraza la watu akimngojea mzee mmoja kipofu, mpaka yule mzee akaletwa, akasema, ndiyo, babu yake namkumbuka, shamba lake lilikuwa hapa chini ya falaji, mfereji wa maji. Hapo ndipo tukawa watu. Kabila letu zima lilikuwa limebaki kwenye kichwa cha mzee mmoja.

Basi Baba akatafsiri, na Mista Hemish akafurahi kama mtu aliyengojea kuulizwa hivyo maisha yake yote. Akaeleza, chakula kinapoa. Kwao kila ukoo una mirabaraba yake, mtu akikuona kwa mbali anajua wewe wa kina nani. Zamani serikali iliwakataza kuivaa, watu wakaificha. Hii aliyovaa ilikuwa ya babu yake, kisha ya baba yake. Akageuza ukingo wa kiunoni kwa ndani akatuonyesha herufi zilizotiwa kwa uzi: za babu, za baba, zake yeye. Baada ya zake pana nafasi. Akasema hapo patatiwa jina la Kolin, mtoto wa marehemu kaka yake, akifika miaka kumi na minane. Kolin alikuwa na miaka kumi na mbili wakati ule.

Bibi akasema, "Tungekuwa na nguo kama hiyo sisi, Seif asingekaa siku tatu barazani." Akamwongeza nyama kwenye sahani. Kwa Bibi hiyo ni nishani.

Baada ya siku ile akawa mtu wa nyumbani. Akija anamwambia Bibi shikamoo, Bibi anamwitikia marahaba huku anajizuia kucheka. Mara moja tulikwenda naye Wadi Bani Khalid, bonde la maji baina ya majabali, sisi sote tumejazana kwenye gari mbili, na sambusa na mkate wa kumimina na birika la chai. Wao wawili wakapanda kwenye mwamba juu ya maji wakapiga girba pamoja, sauti inagonga jabali inarudi, wanawake waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Kisha Baba akaiomba ile kilti, akaivaa juu ya dishdasha, ile kanzu yake, akacheza. Mikono juu, kofia upande. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi, Mama akanipiga mgongo. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu Nassor, akawa anamwambia, "Sleyman, teremka, utanizalisha hapa hapa kwa kicheko." Sina picha ya siku ile. Hakuna aliyefikiria kuchukua kamera.

Mkataba wa Mista Hemish ukaisha. Alipata kazi nchi nyengine, ya mvua na msitu. Siku ya kumuaga nilikuwa kiti cha nyuma cha gari, wao mbele, wanadhani nimelala. Akamkabidhi Baba mfuko wa nguo, ile kilti imo ndani. Akasema huko aendako mvua haikatiki, nondo wataila sufu yote, na nyumbani kwao hakuna mtu wa kumwachia, mama yake Kolin mwenyewe anahamahama. Ibra pakavu. Amwekee mwaka mmoja, atakuja kuichukua. Baba akamwambia, "Amana." Akamfundisha neno, yule akalirudia mara mbili.

Tulipofika nyumbani Baba akaitia kwenye sanduku lake la bati pamoja na vidonge vya nondo. Mimi nimesimama mlangoni. Akageuka akaniambia, "Rayya, nilijua hukulala. Basi umesikia, na umeona. Wewe ndiye shahidi." Nilivimba kichwa wiki nzima. Mama hakuambiwa, wala Bibi. Si kwamba ilikuwa siri. Haikuja kwenye mazungumzo tu, na Mama alikuwa ameshajifungua, nyumba nzima ni Nassor na vitambaa vyake.

Miezi saba baadaye, Jumamosi asubuhi, Baba anarudi kambini, ile njia ya Maskati ilikuwa nyembamba bado, na ngamia akaingia barabarani. Nimejaribu kuandika zaidi ya hapo mara nne, nimechana kurasa. Basi.

Nitaandika ya mazishini. Wanaume walikuwa sabla, lile jumba la kukutania watu wa mtaa, sisi wanawake chumba cha pili na mlango uko wazi kidogo. Nikamsikia Ami Seif anasimama. Sauti yake haikuwa yake. Akasema, "Kama marehemu ana amana ya mtu, au kuna mwenye haki kwake, aje kwetu sisi nduguze." Mnayajua maneno hayo, kila mazishi yanasemwa. Na sote tulifundishwa chuoni: mtu akifa na haki ya watu shingoni, anazuiliwa nayo huko alikokwenda mpaka mwenye haki aipate au amsamehe.

Mimi nilikuwa najua. Ibra nzima nilikuwa najua mimi peke yangu. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu asubuhi ya siku ile nilifungua sanduku nikatia kichwa ndani. Dishdasha zote zilikuwa zimefuliwa, zinanuka sabuni. Ile sufu haikufuliwa toka siku Baba alipoivaa kule wadi. Ilikuwa na jasho lake, na udi wake, na yale mafuta aliyokuwa anaupaka mfuko wa girba. Nikajua nikisema, wataichukua wamwekee mwenyewe kwa Ami. Nikajiambia nitasema kesho. Kila siku nikirudi skuli natia kichwa sandukuni, halafu najiambia kesho.

Kwetu nguo za maiti hazikai nyumbani. Zinatolewa sadaka zivaliwe, kila anayezivaa amuombee. Mama alikuwa ndani kwenye eda yake, hatoki, Bibi amelala na homa ya huzuni, basi kazi hiyo akaifanya Shangazi Zuwena, dada yake Baba, aliyekuja kutoka Sur kwa ajili ya msiba. Yeye Mista Hemish hajawahi kumuona. Nilirudi skuli nikakuta sanduku uani, limefunguliwa, linapigwa jua.

"Zimetoka zote, mwanangu," akaniambia, macho mekundu. "Dishdasha kachukua imamu awagaie watu. Na lile saruni zito la mirabaraba nimempa Jalal wa shambani. Masikini hana hata shuka la baridi."

Jalal alikuwa Mbangali, mfanyakazi wa shamba la mitende la Ami Seif. Wenzake wote wanavaa mashuka ya mirabaraba kiunoni, na Shangazi kuona mirabaraba akamfikiria yeye. Utamlaumu vipi?

Nilikimbia mpaka shambani na sare ya skuli. Jalal alikuwa anaziba maji ya falaji kwa matambara na udongo. Tukazungumza kwa kile Kiarabu cha kuokoteza, mimi na yeye tulikuwa sawasawa.

"Ile saruni ya Baba iko wapi?"

Akatabasamu uso mzima. "Ile kubwa sana. Mimi fungua kushona, fungua, fungua, bado iko." Akatandaza mikono, akapiga hatua, akatandaza tena, kunionyesha urefu. Marinda yote kayafumua. "Rafiki yangu kasafiri jana. Nimempa apeleke kwa baba yangu. Mzee sana. Baridi, kifua." Akajipiga kifuani akakohoa ili nielewe. Kisha akaingia bandani akanitolea vile vikanda vya ngozi na mabizimu yake. "Hii yeye hataki. Chukua wewe." Halafu akasema Baba alikuwa mtu mzuri, kila Ijumaa anampa salamu kwa mkono, na yeye na baba yake watamuombea.

Ningemwambia nini? Amvue mzee wake?

Jioni ile nilikwenda kwa Bibi nikamwambia yote. Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. Hakunipiga, hakunifokea.

"Ulimsikia Seif akiuliza?"

"Ndiyo Bibi."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akageuza uso ukutani. Akasema, "Na yeye alikuweka shahidi." Basi, hilo tu. Mpaka leo ningependa angenipiga.

Ami Seif alijaribu kuirudisha. Jalal akaandika kwao, akapiga na simu, majibu yakarudi baada ya wiki nyingi: kitambaa kimekatwa vipande vitatu. Kimoja kavaa baba yake, viwili wamechukua wajomba. Wanashukuru sana.

Mwaka ukatimia na Mista Hemish akaja kama alivyosema. Hakuna aliyempa habari, hatukuwa na anwani yake. Alishuka na boksi la chakleti mkononi, anamtafuta Baba kwa macho juu ya dari. Ami Seif akamshika bega akamwambia pale pale uani. Alilia amesimama, boksi bado mkononi, na sisi watoto tunamtizama.

Bibi akaamuru aingizwe ndani. Akaniweka mbele yake. "Sema mwenyewe," akaniambia. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha skuli, sentensi fupi fupi kama za kitabu. Baba yangu aliiweka. Baba yangu akafa. Mimi nilijua. Mimi sikusema. Nikaviweka vile vikanda juu ya meza.

Alivitizama. Akaokota kimoja, akafungua bizimu, akalifunga. Akasema, "Haidhuru. Ni nguo tu."

Ami akatafsiri. Bibi akatikisa kichwa. "Hajasamehe huyo."

"Mama, kasema haidhuru."

"Nimesikia. Haidhuru mtu anakwambia ukimmwagia chai. Mwambie atamke kwamba kamsamehe Sleyman, hana haki kwake tena."

"Mama, huyu mzungu, ndiyo adabu yao, na mwenyewe ana msiba..."

"Seif. Mwambie."

Ami akamwambia, ameinamisha kichwa kwa haya. Mista Hemish akakirudisha kile kikanda mezani. Kisha akasema hawezi. Akasema, ingekuwa yake angesema mara mia, kwa Sleyman angesema mara elfu. Lakini si yake. Na yeye aliwekeshwa tu, amwekee Kolin. Akitamka atakuwa anamdanganya bibi mtu mzima ndani ya nyumba yake.

Nilidhani Bibi atakasirika. Alimsikiliza Ami mpaka mwisho, akavuta kanga yake begani, akasema polepole, "Kumbe anajua amana ni nini." Akamwambia Mama alete kahawa. Mista Hemish akatuachia anwani ya mama yake Kolin, akachukua vile vikanda, akenda zake. Hatukumuona tena.

Basi nikawa namwandikia mtoto ambaye sijawahi kumuona, kumuomba amsamehe Baba. Bibi anasema kwa Kiswahili, mimi natafuta kwenye kamusi. Barua ya kwanza ilinichukua wiki. Hakujibu. Ramadhani nyengine tukapeleka nyengine. Labda walikuwa wameshahama, labda alizisoma akazitupa, angekuwa na haki. Nilikuwa nafikiria siku aliyofika miaka kumi na minane, kaamka asubuhi, hakuna kitu. Kila Ami akirudi kutoka kwenye sanduku la posta, Bibi anauliza kabla hajavua ndara, "Yule mtoto kajibu?" Hata barua ikiwa bili ya umeme, anauliza.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari Bibi alipoanguka kitandani moja kwa moja. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji. Asubuhi moja akanishika mkono, mkono wake umekuwa kama karatasi. "Rayya. Yule mtoto kajibu?"

Nikasema, "Kajibu, Bibi."

"Kasemaje?"

"Kasema kamsamehe Baba. Hana haki kwake tena."

"Katamka hivyo? Kwa jina?"

"Kwa jina."

Akasema alhamdulillahi. Akaomba uji zaidi, yeye aliyekuwa hali kijiko. Siku ya tatu akafariki, na kila aliyekuja msibani alisema uso wake ulikuwa umetulia. Nilikuwa nawaitikia.

Hayo ndiyo ya enzi zetu. Sasa nije kwa mdogo wangu.

Nassor ana miaka kumi na nne. Baba anamjua kwa picha moja ya kitambulisho. Girba anaiona kwenye televisheni sikukuu ya taifa, na anabadilisha stesheni. Nywele zake zina mafuta zaidi ya kaango la sambusa, suruali imembana mpaka najiuliza anakaa vipi, na Kiswahili chake ni cha kusema nipe, leta, sitaki. Shikamoo anaitoa kwa Ami Seif bila ya kuinua macho kwenye simu. Nampenda, nisidanganye. Juzi kanikuta naandika daftari hili, akauliza nini hicho, na kwa mara ya kwanza nikamhadithia yote, pamoja na ule uwongo wangu kwa Bibi. Alinisikiliza vizuri, labda dakika kumi, kwake yeye hiyo ni rekodi.

"Dada, miaka yote hiyo mnangoja barua? Jina lake nani?"

Akakaa kwenye kompyuta. Nilidhani ananitania. Haukupita muda wa kuchemsha chai, akanigeuzia kioo: mwanamme wa ndevu nyekundu, kaptula ya jinzi, kashika samaki. Jina lile, ukoo ule, mji ule wa kwenye bahasha zetu. Nikamwambia Nassor ngoja, usiguse kitu, nikae niandike kwa utaratibu, kwanza salamu, kisha pole ya ami yake kama hayupo tena, kisha...

"Nimeshapeleka," akasema.

Alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha mtaani, mstari mmoja: dada yangu zamani alipoteza sketi yako, anaomba radhi. Nilitaka kumtia kofi. Nikawa nimesimama na mkono juu, jibu likaingia, na kile kiuso cha manjano kinachocheka. Usijali rafiki, hamna neno.

"Haya, khalas," Nassor akasema. "Umesamehewa." Akarudi kwenye mpira wake.

Sisi tulikuwa tunangoja miezi kwa barua, na ikifika inasomwa kwa sauti, tena na tena, watu wazima wanaipima kila neno. Mtu akikukosea alikuwa anakuja mlangoni kwako na miguu yake, anaona aibu mbele ya mama yako, na wewe unamtizama machoni ndipo unatamka. Siku hizi neno linafika kabla mtu hajakaa kitako. Mimi mwenyewe sina subira, kila anayenijua anajua, na bado lile jibu limekuja upesi mno kwangu. Nilimuuliza Ami Seif kama linatosha. Akasema linatosha, mwanangu, linatosha, kabla sijamaliza kuuliza.

Halitoshi. Nimelisoma mara nyingi, na ule mstari wa Nassor pia. Yule mtu kanisamehe mimi, kwa kupoteza sketi. Sleyman hakutajwa.

Nimenunua karatasi za barua, na duka lenyewe nililitafuta asubuhi nzima, siku hizi haziuzwi ovyo. Nimeweka kamusi pembeni. Nimeandika kwamba baba yangu alikuwa anaitwa Sleyman, na kwamba alikuwa mtu wa kuweka kitu cha mtu. Nimefika hapo, na wino haujakauka.